Bapa la Bluu

Usijifanye hukusikia. Siku ile mtambo wa umeme ulipocheua, vioo vya dirisha lako vilitetemeka, kikombe kikahama mezani, na wewe ukanyoosha mkono ukaongeza sauti ya redio. Umeme ulipokatika ndipo ulipotoka nje, mikono kiunoni, ukamuuliza jirani: "Na kwako umekatika?" Ulikuwa na swali hilo moja tu. Nani alikuwa kazini karibu na mtambo, hukuuliza. Na miaka yote hii hujauliza.

Alikuwa Mjomba. Bapa moja, kile chuma chembamba kinachozunguka ndani ya mtambo, lilikatika shinani, likatoboa ganda la mtambo, likapita kwenye ukuta wa chumba cha uendeshaji kama ukuta ule ni pazia, na kipande chake kikaondoka na jicho lake la kulia. Wakubwa wakasema ni ajali, hewa tu imerudi vibaya, wakamletea blanketi. Aliporudi nyumbani na bandeji usoni, aliyemfungulia mlango alikuwa mpwa wake, msichana wa shule asiyejua kunyamaza.

"Mjomba, hewa tu ndiyo imefanya hivi?"

"Hewa haina kosa, mpwa wangu. Kamuulize aliyelichora lile bapa."

Akaenda kuuliza. Aliuliza darasani, akauliza chuoni, akauliza mpaka hakubaki wa kuulizwa, maana sasa anayechora mabapa ya mtambo ule ni yeye. Kazini wanamwita Wembe. Wengine wanasema ni kwa sababu ya vyuma vyembamba anavyobuni. Waliowahi kukaa naye kikaoni wanasema ni ulimi. Yeye huitikia kwa sababu zote mbili.

Mtambo wenyewe unaujua kwa nje: jengo refu la bati, uzio wa waya, bomba la moshi. Ndani, mbele kabisa, kuna kompresa, gurudumu zito lililopandwa mabapa kuzunguka mwili wake wote. Kazi yake ni kumeza hewa na kuibana kabla haijafika kwenye moto. Pasipo hewa iliyobanwa, moto hauna nguvu. Moto ukikosa nguvu, taa yako haiwaki na bomba lako la maji linakohoa hewa kavu. Sasa, ncha za mabapa yale zinakimbia kuliko sauti. Ukiliita bapa, limeshapita kabla sauti yako haijafika. Hewa ikikutana na kitu chenye mbio hizo haipati muda wa kupisha, inarundikana na kujenga ukuta mwembamba mbele yake. Ukuta ukikaa pabaya, hewa inabanduka kwenye mgongo wa bapa, na ile yote iliyokwisha kubanwa kule nyuma inarudi mbele kwa kishindo. Huko ndiko kucheua. Ndiko kulikohamisha kikombe chako.

Wembe hakubahatisha. Kwenye kompyuta zake aliikatakata hewa vipande vidogo visivyohesabika, kila kipande kikimuuliza jirani: una mbio gani, una joto gani, unanisukuma au nakusukuma? Alilipinda bapa nyuma kidogo kama mundu ili ule ukuta wa hewa ulale badala ya kusimama wima. Akabadilisha, akauliza upya, akatupa, akabadilisha tena. Safari moja kompyuta ilimletea bapa jembamba ajabu, akampelekea mchongaji wa karakana aone.

"Hili nilichonge," mchongaji akauliza, "au nilikunje tu kama karatasi ya karanga?"

Wembe akacheka, akarudi kuliongezea mnofu. Walielewana hivyo, yeye na mchongaji, kwa matani na kwa rangi.

Hizo rangi nataka uzielewe vizuri, maana kila kitu kinaning'inia hapo. Chukua kitambaa kilichosokotwa, kishike ncha zake, ukivute. Kinafanyaje? Kinajifungua. Na bapa liko hivyo. Likizunguka kwa kasi, mbio zinalivuta kwenda nje, na msokoto wake unafunguka kidogo. Kwa hiyo kila bapa lina maumbo mawili: umbo la mbio, ambalo hewa hukutana nalo, na umbo la pumziko, ambalo fundi hulichonga. Mbunifu huanza na la mbio, kisha hukokotoa kurudi nyuma hadi la pumziko, lililosokotwa zaidi, ili mtambo ukishika kasi bapa lifunguke mpaka pale panapotakiwa na likome hapo. Ofisini kwao la mbio lilichorwa kwa rangi nyekundu, la pumziko kwa bluu. Mchongaji alikuwa hawashi mashine kabla macho yake hayajaona bluu.

Kisha akaja Mkurugenzi mpya, na viatu vyake vinavyolia.

"Hizi rangi rangi ni za nini?" aliuliza katika kikao chake cha kwanza. "Hapa ni kituo cha umeme au ni chekechea?"

"Nyekundu ni mbio, bosi, na bluu ni pumziko," Wembe akamjibu. "Ukiziondoa, kuna siku mtu atachonga lisilochongwa."

"Watu wazima wanasoma maandishi. Kuanzia leo michoro yote iwe ya kijivu. Ndiyo rangi ya kampuni."

"Kijivu maana yake nini?" mchongaji akauliza kutoka kiti cha nyuma.

"Heshima."

"Basi heshima ichonge yenyewe."

Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Kisha wakatoka, na michoro ikawa ya kijivu. Tunaweza sana kucheka na kutii kwa pumzi moja.

Siku ya majaribio ya mabapa mapya ilipofika, uwanja wa kituo ulifungwa hema, viti vikavalishwa vitambaa, masanduku ya soda yakateremshwa. Wembe alipita karakana asubuhi, roho imetulia kabisa. Mabapa yalikwisha kufungwa kwenye mtambo; moja la akiba lilikuwa limelala mezani kwa mchongaji juu ya taulo, kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

"Limetokaje?"

"Litazame mwenyewe. Kama nimelizaa mimi."

Akalichukua akapanda nalo ofisini. Mezani kwake kulikuwa na bapa jingine, la plastiki, alilolichapa enzi za rangi. Lilikuwa la umbo la pumziko, kwa hiyo alilichapa kwa plastiki ya bluu. Siku hizi kazi yake ilikuwa kukandamiza karatasi na kumkuna mgongo. Katika jengo zima hapakuwa na kitu kingine cha bluu kilichobaki. Wembe aliyalaza mabapa mawili, moja juu ya jingine, kwa raha tu ya kuona yakilingana, kama mtu anavyopanga viganja vya mapacha.

Hayakulingana. Shinani yaligandana, lakini kuelekea nchani yakaachana, na mwanga wa dirisha ukapita katikati.

Akalifuta la chuma kwa gauni lake, akayalaza tena. Mwanga ukapita palepale, upana wa ukucha.

Akanyanyua simu.

"Ulichonga faili gani?"

"Lililoletwa na ofisi ya Mkurugenzi," mchongaji akasema. "La kijivu. Si yote ya kijivu?"

"Walilitoa wapi?"

"Nasikia kwenye picha za kompyuta walizowaonyesha wageni waliokuja ofisini. Walisema ndilo lililopendeza." Kisha sauti ikashuka. "Wembe. Usiniambie."

"Nakuambia. Umechonga la mbio."

"Mungu wangu."

Alipokuwa anashuka ngazi, bapa la plastiki mkononi, Wembe hakuhitaji kompyuta kumwambia kitakachotokea. Bapa lile lingeanza safari likiwa tayari limefunguka, na mbio zingelifungua zaidi. Kasi ikikamilika, hewa ingelipiga ubavuni badala ya usoni. Ingebanduka. Mtambo ungecheua, mabapa yangetikisika, na moja lingekatika. Nyuma ya ukuta uleule, umepigwa plasta juu ya tundu la zamani, katika kiti kilekile cha Mjomba, alikuwa ameketi mwendesha mtambo wa sasa: kitindamimba wa mama yao, mdogo wake wa mwisho, ambaye hata nyumbani hana jina jingine zaidi ya Kitinda.

Alimkuta Mkurugenzi chini ya hema akirekebisha tai.

"Bosi, usiwashe. Mabapa yamechongwa umbo la mbio."

"Mama, mgeni rasmi yuko getini."

"Na aingie, anywe soda, arudi kwake. Mtambo hauwashwi."

"Kompyuta yako mwenyewe ilisema bapa linafaa. Nilikuwepo."

"Kompyuta ilijibu nilichoiuliza. Niliiuliza kuhusu bapa lililokwisha kufunguka. Hili limechongwa hivyo hivyo, na mbio zikilifungua tena litapitiliza."

"Litapitiliza kiasi gani?"

"Ukucha."

"Ukucha!" Mkurugenzi alitazama huku na huku akitafuta wa kucheka naye. "Unataka nivunje shughuli nzima kwa ukucha?"

"Jicho la mtu lina ukubwa gani, bosi?"

Mkurugenzi alimgeuzia mgongo akaenda kupokea wageni kwa mikono miwili.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Mkurugenzi alikuwa hajalifikia bado kuliondoa. Siku Mjomba alipoumia, wabunifu walikuwa kwenye chai. Aliwasha mtambo kwa amri ya mtu wa ofisini asiyejua bapa wala bawa. Alipopona, yeye na wenzake walikaa nje ya geti na kukataa kurudi kazini mpaka iwekwe desturi mpya: kabla ya majaribio yoyote, mbunifu mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe, anamwambia mwendesha mtambo kwenye kipaza sauti, "Hewa ni yako." Mwendeshaji anajibu, "Nimeipokea." Hapo ndipo mkono unagusa swichi. Maneno hayo machache Mjomba aliyalipia kwa jicho.

Hotuba zikaisha. Mkurugenzi akatangaza kuwasha. Macho yote yakamgeukia Wembe, aliyekuwa amesimama pembeni ya kipaza sauti, mikono kifuani, mdomo umefungwa.

"Mama, tunakusubiri."

"Sina cha kusema."

Mgeni rasmi akakohoa. Mkurugenzi akatabasamu kwa meno yote, akakinyakua kipaza sauti mwenyewe.

"Hewa ni yako!"

Spika za uwanjani zikakwaruza. Kisha sauti ya Kitinda ikatoka, ya upole kabisa.

"Nani anaongea?"

"Mkurugenzi!"

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba. Hewa ni yako!"

"Sijaipokea, bosi. Hiyo sauti ni nzito mno kuwa ya dada yangu, labda kama amepata mafua."

Karakana nzima ikalipuka kwa kicheko. Hata dereva wa mgeni rasmi alijificha nyuma ya mlango wa gari, mabega yanamtikisika. Mkurugenzi akabana meno na kusema polepole kwamba mtu ambaye hatawasha sasa hivi, jioni hii hana kazi. Spika zikanyamaza. Wembe aliujua ukimya ule. Kitinda ana mke mjamzito, na tangu utotoni akiogopa huwa anatingisha goti.

Basi akaondoka pale, akavuka uwanja mbele za wageni wote, akaingia chumba cha uendeshaji, akavuta kiti akakaa ubavuni mwa mdogo wake, upande wa ukuta. Goti lilikuwa linatingishika kama cherehani.

"Dada, watanifukuza."

"Wakikufukuza tutafukuzwa wawili. Acha kutingisha goti, unanitia kizunguzungu." Kisha akavuta kipaza sauti cha ndani. "Bosi, unanisikia? Nitaitoa hewa, kwa masharti yangu. Wageni watoke chini ya hema, waende nyuma ya ghala. Milango ya kupunguzia hewa iwe wazi yote. Na twende nusu mbio tu, hatupiti hapo. Kwenye ganda la mtambo kuna macho ya mwanga yanayoona kila ncha inapopita. Yatatuambia bapa limefunguka kiasi gani. Nikiwa nimekosea, nitaomba radhi kwa kipaza sauti hiki hiki."

Kabla Mkurugenzi hajasema lolote, mgeni rasmi alikwisha kusimama. "Nyuma ya ghala ni wapi?" akauliza, na wageni wakaondoka mwendo wa haraka wa heshima, chupa za soda mikononi.

"Kitinda."

"Naam, dada."

"Hewa ni yako. Nusu."

"Nimeipokea. Nusu."

Mtambo ukaguna, ukapumua, ukaanza kuimba. Sakafu ikatetemeka chini ya viatu. Mkurugenzi aliingia akasimama nyuma yao, kwa kuwa pale ndipo palipokuwa na skrini, na labda pia kwa sababu nyuma ya ghala palijaa. Kwenye skrini, Wembe alikuwa amechora mstari mmoja, mwekundu, kwa makusudi. Ulikuwa msokoto wa bapa katika mbio kamili. Vitone vya ncha vilianza kwenye mstari wenyewe, palepale, mtambo ukiwa ndiyo kwanza unajizungusha kwa uvivu. Kasi ilipopanda, vikauvuka. Vilipofika nusu mbio vilikuwa ng'ambo, vyote, vimejipanga.

"Bosi, tazama," Wembe akasema bila kugeuka. "Katika nusu mbio, bapa lilitakiwa liwe bado halijaufikia mstari. Limeuvuka. Na bado nusu nzima ya safari. Tuendelee?"

Ndani ya mtambo kitu kilikoroma, mara moja, kama mtu mzima aliyeshiba anayejizuia mezani. Kuta zikaitikia.

"Zima," Mkurugenzi akasema.

"Unasema?"

"Zima, zima!"

Kitinda akazima. Sauti iliteremka pole pole mpaka wakasikia tena ndege kwenye bati, na huko karakana mtu akapiga makofi, kisha mwingine, kisha wote. Mchongaji aliingia bila kubisha, akalichukua bapa la plastiki kutoka mkononi mwa Wembe, akaliweka mfukoni mwa koti lake la kazi. "Huu ndio mchoro wangu kuanzia leo," akasema. "Anayetaka kijivu avae soksi." Jioni ile ile alianza kuchonga upya, umbo la pumziko.

Ungependa hadithi iishie hapo, sivyo? Dada kashinda, mdogo wake mzima, wewe urudi kwenye redio yako.

Mabapa mapya hayachongwi kwa kupepesa jicho. Wembe alisema waziwazi: mpaka mwezi huu uishe. Na mtambo ukiwa wazi, mji uko gizani. Siku iliyofuata Mkurugenzi aliitisha kikao na kusema yale mabapa ya zamani yatoke masandukuni yarudishwe kwenye mtambo. Yale yaliyoondolewa kwa sababu yana nyufa shinani. Wembe alikuwa ameyapaka rangi ya kupimia mbele ya macho yao wote, na nyufa zikajitokeza nyekundu kama mishipa ya macho ya mlevi. Ni kizazi cha bapa lile lililomfuata Mjomba.

"Sitaitoa hewa," Wembe akasema.

"Haitahitajika. Kuanzia kesho desturi ile ya maneno imefutwa. Atakayekuwa kwenye kiti atawasha kwa amri ya ofisi."

Kwanza rangi, sasa maneno. Wembe akamwuliza kwa nini, na Mkurugenzi, kwa mara ya kwanza, alimjibu kwa unyoofu.

"Wananchi, mama. Simu hazikatiki. Wanataka umeme, hawaniulizi mabapa. Mimi nifanyeje?"

Umesikia? Amekutaja wewe. Katika chumba kile chote, hoja ya kuwashia chuma chenye ufa ni sauti yako, ile uliyopiga nayo simu ukafoka kwamba friji inayeyuka. Wembe ana mahesabu, ana picha, bapa la bluu lipo, na hana jibu la simu yako.

Kitinda amekataa kuondoka kwenye kile kiti. "Nikitoka watamweka mtoto wa mtu mwingine," alimwambia Mjomba jana sebuleni. Mjomba akamtazama kwa lile jicho moja, akamwambia, "Basi nitakaa nawe, mpwa wangu. Mimi ukuta ule nimeshauzoea." Wembe alikuwa jikoni akiwasha mshumaa. Alisema bila kugeuza kichwa kwamba siku ya kuwasha viti viwe vitatu.

Mabapa ya zamani yanafungwa leo. Mtambo unawashwa kesho asubuhi.

Kwa hiyo weka chini unachokisoma. Ile namba uliyoipiga kulalamika unayo, imo humo kwenye simu yako. Ipige sasa hivi, kabla chaji haijaisha, na akipokea mtu useme: mimi ni mmoja wa wale wananchi, nitakaa gizani mpaka bapa la bluu liwe tayari, na mtambo usiwashwe kabla dada mwenyewe hajaitoa hewa. Kisha mgongee yule jirani uliyemuuliza kama kwake umekatika, naye apige. Asubuhi mje wote getini.

Piga.